Mkono wa Kikombe

Narudi Longton saa moja asubuhi kwa basi la kwanza,
vumbi la udongo limenikaa kwenye kope
hata dereva ananiuliza kama huko kumeanguka theluji.
Ni Oktoba. Ni kazi tu, namwambia.

Mwanasha kaamka kabla ya saa ya kengele,
blanketi mabegani, rimoti ya gemu mapajani.
Mita ya gesi imebakiwa na pauni moja na peni kidogo,
kwa hiyo tunaota skrini.

"Baba, njoo ukione hiki."

Ndani ya pango la levo ya tatu, chini ya ngazi zenye ukungu,
kinyago cha udongo:
kichwa cha mtungi, macho matundu mawili ya kidole,
mdomo kama wa mtu aliyeambiwa nisubiri hapa
kisha akasahauliwa.
Hakisogei mpaka usogee wewe.
Ukipiga hatua, nacho kinapiga.
Ukisimama kinakuwa kigae tu, hakijawahi kuwa na roho.
Uhai wake kumi na mbili, anasema mwanangu,
kila mtu anakiua, hakina faida,
kinadondosha vumbi na sarafu moja ya shaba.

Ameshakikata mkono.
Umelala pale ngazini, umepinda,
na mimi, nicheke nilie,
mkono ule naujua.
Usiku kucha nimebandika mikono ya vikombe,
mia nane na arobaini,
chovya ncha kwenye uji wa udongo, bana, hesabu mbili, achia,
pitisha sifongo, lete kingine.
Alinifundisha Maureen Bloor, miaka arobaini na mmoja kwenye benchi lile.
Ananiita bata. Huku ndivyo waitanavyo wote;
mwanzoni nilidhani anausema mwendo wangu.
"Usiubembeleze, bata. Mkono unajua unapokaa."
Ijumaa ya mwisho wa mwezi wanazima tanuri.
Maureen kapewa keki na kadi yenye sahihi za watu.
Mimi nimepewa barua.
Nimeificha ndani ya sufuria kubwa la pilau,
halijashuka kabatini tangu Idi.

Nasema, mrudishie mkono wake.
"Haiwezekani."
Udongo uwahi ungali maji, namwambia, bibi yako alikuwa
"Hiki kimeshachomwa, Baba. Tazama rangi."
Kweli. Kimechomwa, kimeiva, kimekuwa chekundu kama tofali la mtaa wetu.
Nani kamfundisha kuitambua rangi hiyo? Mimi mwenyewe.

Lakini shingoni, aliyekichora huko alikochorea
kaacha alama ya dole gumba.
Nani ataiona? Wote wanakifikia mbio, upanga juu.
Simjui mtu huyo. Labda alikuwa na muda wa kupoteza,
labda aliona haya
kutuma kitu duniani bila kukigusa.

"Kishike wewe, navaa sare."
Nashika rimoti. Sisogei.
Nacho hakisogei.
Tunatazamana kama wagonjwa wawili kwa daktari,
kila mmoja anangoja mwenzake aitwe.
Mlango unabamizwa. Umekula? Nimekula, kwaheri,
na viatu vyake vinashuka barabara kuelekea kituoni.

Nimelala nimeketi.
Naamka mchana, shingo imekaza.
Dole gumba langu liliteleza usingizini, sijui mara ngapi,
na kila lilipoteleza kinyago kimepiga hatua.
Sasa kiko hapa, pua kwa pua,
matundu yake yamejaa skrini nzima.
Uhai wangu haujapungua hata chembe.

Sitaki kukisingizia huruma.
Mkono wa kunipigia
ni ule ulioko ngazini.