Lile, Yule

Mvua ya Tukuyu haina adabu ya kubisha,
imeingia tangu Jumanne na haijaaga.
Nimeshapima maziwa ya asubuhi, lita mia mbili na kumi,
nimeosha madebe, nimeyainamisha,
nikavuta blanketi, nikavuta na kitabu
kilichojificha ndani ya daftari la ushirika
ili mwenyekiti akipita aone karani mwenye bidii.

Nilikipata Mwanjelwa, kwenye rundo la mitumba,
kati ya makoti ya baridi na sidiria za kijani.
Jalada hakina. Muuzaji akasema, "Mama, hicho cha mazimwi,
toa mia tano tu, kinanitishia wateja."

Cha mazimwi, ndiyo.
Lile linaishi chini ya ziwa la volkano,
lina magamba mpaka shingoni,
macho mawili ya kuonea na la tatu la kujutia,
na mkia ambao mwandishi, Mungu amsamehe,
ameueleza kwa kurasa nne.
Nimezisoma zote nne.
Mbili nimezirudia.

Mpima maji wa serikali, binti wa Kikinga, buti za mpira,
anashuka na kamba yake kupima kina,
na lile linaibuka.
Huku kituoni nimekunja vidole vya miguu.
Nangoja limle.
Halimli.
Linasimama maji yakiwa magotini, linachuruzika,
linakohoa kidogo kama mgeni wa jioni,
linasema: Hodi.

Hodi! Zimwi!
Nilicheka peke yangu mpaka paka akahama.

Mama alinifunda kwa methali moja:
zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Alinipa siku niliyorudi nyumbani mdomo umevimba,
akanipa na mkungu wa ndizi, akanirudisha.
Nikaliwa miaka kumi na saba, kidogo kidogo,
na mtu asiye na gamba hata moja,
aliyeimba besi kanisani.
Ni kweli sikwisha. Methali haikudanganya.
Ila haikusema kilichobaki kifanye nini jioni.

Kilichobaki kinasoma.

Ukurasa wa themanini na tisa linauliza:
naweza kukushika mkono?
Binti anajibu: kucha kwanza.
Basi usiku kucha likazisugua kucha mwambani,
moja moja, cheche zikiruka juu ya maji,
na alfajiri likanyoosha kiganja kikubwa kama sinia,
kinatetemeka.

Nikapangusa miwani. Ni mvuke wa chai, nikajiambia.

Gwantwa alipoleta maziwa ya jioni akauliza, "Kimefika wapi?"
Nikasema, "Amekata kucha."
"Nani?"
"Yule."
Akatua debe. "Jana ulisema lile."

Kweli, jana nilisema lile.
Ngeli imehama yenyewe, kama ng'ombe aliyeona majani,
sikusikia hata kengele.
Mwalimu wangu wa darasa la tano angenichapa.
Achape. Mimi sirudi.

Gwantwa anataka zamu yake. Anataka kujua kama ataolewa,
kama watoto watazaliwa na mikia,
kama mahari italipwa kwa samaki.
Namwambia avute subira, zimebaki kurasa kumi na moja
nazo nazila kama sukari ya magendo,
nusu ukurasa kwa siku, naramba na kidole.

Umeme umekatika. Nimewasha taa ya sola.
Yuko ndani ya maji, binti amevua buti moja,
anavua la pili,

na mlangoni mtu anakohoa kidogo.
Ambakisye, nadhani, na lita zake tatu za kuchelewa,
kofia inachuruzika.
"Hodi," anasema.

Nageuza ukurasa.
"Subiri kwanza," namwambia,
na mvua ikimpiga,
anasubiri.