Chini ya Kibandiko

Saa tisa usiku, Akita. Theluji imefika usawa wa dirisha.
Nazima taa ya chumba, nawasha tochi,
naimulika damu ya Onodera Sumie
inavyomtoka pajani, rangi ya zambarau lililoiva,
ikamrudia shingoni nyekundu
baada ya kupita katika pafu la plastiki
lisilozidi ukubwa wa tofali.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji.
Waseme, hawalindi mashine.
Mimi kila saa naiombea wepesi,
tena si wepesi mno:
nikizidisha dawa itamvujia ubongoni,
nikipunguza itaganda.
Katikati pana kijia chembamba
na hapo ndipo ninapolipwa mshahara.

Saa tano niliona doa kwenye kona ya pafu,
dogo kama ufuta.
Nikalizungushia duara kwa kalamu nyeupe, nikaandika saa.
Saa sita, ufuta.
Saa saba, ufuta.
Saa nane nilidhani limekuwa choroko;
nikapangusa miwani, likarudi kuwa ufuta.

Sasa namba zimeanza kuachana.
Shinikizo kabla ya pafu linapanda, baada yake linashuka,
kama mtu anayesukuma mlango ulioegemewa na mwingine.
Tofauti themanini. Kengele kimya:
iliambiwa iogope mia.

Nikamwamsha Daktari Mikami. Akaja na soksi.
“Doa limekua?”
“Halijakua.”
“Sasa unaniamshia nini?”
Nikamwonyesha namba. Akavaa glavu.

Vibanio vinne. Kata. Maji ya chumvi,
gonga mrija, toa povu, gonga tena. Unga.
Kwa sekunde arobaini na moja
Sumie hakuwa na pafu duniani,
lake wala letu.
Hakuna aliyehesabu kwa sauti.

Kulipokucha nikalipeleka pafu la zamani kwenye sinki,
nikapitisha maji.
Ufuta wangu ukaondoka na bomba la kwanza,
ukaacha duara tupu na saa zake nne.
Ndipo nikabandua kibandiko
nilichokibandika mwenyewe Jumatatu:
tarehe, namba ya kitanda, na chini,
kwa mwandiko niliosifiwa tangu shuleni,
Tsushima Kazuha.

Donge lilikuwa hapo.
Upana wa kidole gumba, jeusi,
ukingo wake mweupe kama ukoko wa wali.
Maji hayakulitikisa.
Usiku kucha nilimulika kila mahali
isipokuwa jina langu.

Koridoni mwanawe, dereva wa gari la kusukuma theluji,
amesinzia ameketi, buti zikichuruzika sakafuni.
Akashtuka. “Mama amelalaje?”
“Amelala,” nikasema.

Kisha nikarudi ndani.
Kibandiko cha pafu jipya
nimekibandika kwenye mguu wa kitanda.