Tiketi ya Kutazama Maji

Tunaishi Pipeline, mtaa wenye jina la bomba,
na mabomba yenyewe hukohoa upepo siku sita,
ya saba yakatema kutu.
Kwa hiyo niliposema, Jumapili twende Karura,
msituni, tukaone kiziwa kilichomo,
mavyaa wangu Kwamboka hakuuliza njia.
Aliuliza, "Kina foleni?"

Akavaa raba za mjukuu, soksi za kanisani,
akajifunga leso mbili, moja juu ya nyingine,
na chini ya chapati na chupa ya chai
akaficha dumu la lita tano.
Tupu.

Langoni askari akapekua mkoba.
"Na hili la nini, mama?"
"Nalitembeza tu. Halijawahi kutoka nyumbani."
Askari alicheka hadi kofia ikamvuka.
Nikalipa kwa simu, wakubwa wawili, watoto wawili,
naye nyuma yangu akizihesabu tarakimu kwa midomo
kama mtu asomaye zaburi asiyoisadiki.

Udongo mwekundu, baridi ya Julai.
Baiskeli zikatupita zikilia vikengele,
kisha mbwa, amevalishwa koti la sufi,
akamnusa Kwamboka magotini, akaenda zake.
"Na huyu amelipiwa?"
Amelipiwa, mama.
Akanyamaza mwendo wa miti kumi.
Onchari na Moraa walikwisha kutokomea mbele
wakimfuata kima aliyewapokonya ndizi
na sasa anawamenyea juu ya tawi, taratibu,
kama mwenye duka.

Halafu miti ikaachana.
Ziwa likawa pale.
Si kubwa; ukirusha jiwe kwa hasira litavuka.
Majani ya yungiyungi yamelala chali,
kereng'ende anashona hewa bila uzi,
na bata mmoja anapasua kioo,
kioo kinajiunga nyuma yake
bila kumlaumu.

"Nani mwenyewe?"
La umma, mama.
"Umma ndio sisi?"
Ndio sisi.
"Basi tumejilipa wenyewe. Risiti i wapi?"

Nikammiminia chai. Akaishika, hakuinywa.
Nilikuwa nimetoa simu nimpige picha;
kitu fulani usoni pake kikanifanya niirudishe.
Hata watoto walipokuja na magoti ya matope
walikaa chini bila kuambiwa.
Mvuke ukaisha kikombeni.

"Nimeyabeba maji," alisema, wala si kwangu,
"tangu sijang'oa meno ya utoto.
Mtoni Kisii, kwa kata, kisha mtungi, kisha debe.
Hapa mjini, ngazi za ghorofa sita.
Yamekaa juu ya kichwa changu maisha yangu yote.
Unamwonaje uso mtu uliyembeba kichwani?"

Moraa akachukua dumu, akakimbilia ukingoni.
"Nijaze, bibi?"
Nikamwangalia Kwamboka. Najua bei ya lita tano
wiki ya ukame: najua alivyoigombea
hadi mchuuzi akahamisha mkokoteni wake.
"Liache," alisema. "Nalo limekuja kustarehe."

Tuliondoka jua likiwa vidoleni mwa miti.
Askari yule yule akalipima dumu kwa mkono mmoja,
likapaa kama unyoya, akatutazama, akatupisha.

Jumanne, saa kumi alfajiri, bomba lilikohoa, likatoa.
Ngazi zote zikaamka: ndoo, beseni, matusi, malapa.
Nikashuka na madumu manne, nikamkuta Kwamboka
wa kwanza kwenye foleni, beseni lake limejaa pomoni,
naye amechuchumaa,
hasogei.
Balbu ya uani inatetemeka ndani ya maji,
inatulia, inatetemeka.
"Wewe mama, toa beseni!" wanapiga kelele nyuma yake,
"Yatakatika haya!"

Akainua kidole kimoja,
kama mtu aliye katikati ya mazungumzo.