Tarishi

Waliosema mwenda pole hajikwai
hawakumwona bata wangu
akivuka jikoni, kutoka friji hadi mlango,
hatua nne, dakika sita,
kifua kikiburura sakafuni kama fagio.

Tulimwita Tarishi siku alipoletwa
ndani ya boksi la viatu na Bi Maureen wa nyumba ya pili,
kwa kuwa alikuwa na mbio:
ukifungua kabati yuko, ukigeuka yuko,
anakuletea habari usizomtuma.
Wiki ya tano miguu ikamsaliti.
Magoti (kama yale ni magoti) yakavimba,
akawa anakaa njiani
kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Todmorden ilikuwa na mvua yake,
mvua isiyonyesha wala isiyokatika,
vilima vimejifunika mpaka machoni.
Nasra akauliza, "Mama, atachinjwa?"
Sikujibu. Kwetu Muheza
kuku akivunjika mguu jibu lilikuwa sufuria,
na kisu hicho nimekishika mimi mwenyewe.

Daktari, kijana mwenye ndevu nyekundu,
alimbinua, akampapasa, akauliza swali moja:
anakula nini?
Chakula cha vifaranga, nikasema. Cha kuku.
Mfuko wa kilo ishirini, ulikuwa na punguzo.
Akatikisa kichwa, si kwa ukali.
Bata si kuku, akasema,
mifupa yake inadai niasini maradufu.
Kumbe nilikuwa namnyima huku namshibisha.
Nilirudi na maneno hayo kwenye basi,
boksi mapajani, paundi arobaini na nane zimekwenda,
nikimtazama Nasra
anayekula chakula cha shule tangu Septemba,
anayesema kila jioni kwamba ameshiba.

Basi tukaanza.
Hamira ya pombe, ya unga, kijiko kimoja
juu ya njegere zilizotoka kwenye barafu
(Mungu anisamehe, kopo nililisoma mara tatu: kilevi hakimo).
Taulo kuukuu nikalitoboa matundu mawili ya miguu,
nikalining'iniza kati ya viti,
naye humo kama bwana mkubwa kwenye machela,
nyayo zikigusa mkeka kidogo,
kidogo tu, zikumbuke.
Jioni, bafuni: maji ya uvuguvugu hadi kiwiko changu,
Nasra kapiga magoti, anahesabu mapigo.
Moja. Mbili. Wa kushoto mvivu. Tatu.
Ndani ya maji hakuwa mgonjwa.
Ndani ya maji alikuwa bata, basi,
na kila tulipomtoa alitutazama
kama tumemfilisi.

Jumanne moja nilichoka.
Nimetoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali,
mgongo unawaka,
nikamkuta kajinyea ndani ya taulo na ananifokea.
Nikamwambia neno ambalo sitaliandika.
Kisha nikamwosha, kidole baada ya kidole,
ngozi ile ya katikati nyembamba kama ganda la kitunguu,
nikaiona damu yake ikipita.

Hakupona kama wanavyopona hadithini.
Mguu wa kushoto bado unachora nusu duara,
na kidaraja cha mlango wa nyuma hashuki bila kubebwa.
Bi Maureen anasema anatembea kama marehemu mumewe
akitoka baa, na anacheka mpaka anakohoa.

Lakini leo asubuhi, barua ziliposukumwa mlangoni,
kabla sijavaa kandambili,
nikasikia pa, pa,
kimya,
pa.
Alikuwa kapita jikoni, kapita ukumbini,
mita tisa za zulia, bila taulo, bila mtu,
na amesimama juu ya bili ya gesi,
mkia ukitikisika.
Nasra akapiga vigelegele kwenye ngazi.
Tarishi akaangalia huku, akaangalia kule,
akainyea ile bili katikati,
akatupigia kelele tuje tusome.