Ng'ombe wa Faini

Baba yangu, Lechipya, alikuwa karani wa mtemi.
Alikaa kiti cha kukunja nyuma ya kigoda,
nyuma, si kando: mambo haya yana vipimo vyake.

Mwaka ule uwele ulipokaukia kwenye masuke
alinunua kauntabuku duka la stesheni, Kikombo,
akaanza kuandika kisichowahi kuandikwa:
ng'ombe wa faini, rangi yake, pembe zake,
ametoka zizi la nani, ameingia zizi la nani.

Wote waliingia zizi moja.

Hakufoka. Siku ya baraza alisoma tu,
kama mtu asomaye barua ya mwanawe aliye mbali:
"Madoa, wa Mbeleje mjane. Kosa: kuchelewa shamba la mtemi.
Kijivu, wa Nhonya. Kosa: halikutajwa."
Mtu mmoja kule nyuma akacheka.
Kicheko kile kilimgharimu baba
miaka miwili, jela ya Mpwapwa.

Akarudi na kikohozi, sauti imebaki hukohuko.
Ombi la pili alilileta kwa kalamu:
ghala la njaa lipigwe kufuli tatu,
funguo wapewe watu watatu, mmoja mwanamke.
Mtemi akauliza, "Na mimi nishike nini?"
Baba akaandika: Mvua.

Hakufungwa safari ile. Labda mtemi alichoka,
labda naye alicheka, usiku, peke yake.
Kufuli zilinunuliwa mbili.

Kisha Uhuru. Utemi ukafutwa,
tukasikia kwa redio ya mwalimu.
Vijana wakaja wanakitaka kigoda, wakikokee moto,
wakamkuta baba kasimama mlangoni pa tembe,
kauntabuku kifuani, anatikisa kichwa.
Walimwita kibaraka. Wapo wanaomwita hivyo
hadi leo, na mmoja ni kaka yangu.

Mimi nimeuona ukurasa wa mwisho.
Mwandiko umelala kama majani baada ya ng'ombe kupita:
"Kigoda kimoja, cha mninga, mguu mmoja umeungwa.
Kimetoka nyumba ya mtemi.
Kimeingia"

Hapo pako wazi.

Kila uchaguzi ukipita nalitoa daftari sandukuni,
nalikung'uta vumbi jekundu,
nalowanisha ncha ya penseli kwa ulimi,
nafikiri,
nalirudisha.