Isizidi Machozi

Saa sita na robo usiku, Nyalenda.
Mvua imeacha mabati, imehamia mtaroni,
na Odera, mwanangu wa miaka miwili,
amehara mara ya saba. Nimehesabu.
Mimi ni fundi wa kuchomelea, vipimo ndiyo kazi yangu,
lakini geti halilii,
geti halikauki midomo.

Mama yake yuko zamu ya usiku, kiwanda cha samaki,
simu ameiacha langoni kama sheria yao inavyotaka.
Nikampigia mkwe, Butere.
Mkwe! Miaka mitano tunasalimiana tukitazama ukuta,
mbele yake hata kukohoa sijakohoa,
na sasa namweleza kinyesi: rangi yake, wepesi wake.
Akanyamaza kidogo.
Kisha akaitua mila chini kama mzigo wa kuni.

"Yangekuwa mafua ningekupa mengi," akasema,
"tangawizi ya kupondwa, limau, chai ya mchaichai.
Tumbo halitaki hadithi. Linataka maji.
Chemsha lita moja, yaache yapoe,
halafu sukari na chumvi, moja sita, moja nusu..."
Salio likaisha.

Moja sita, moja nusu.
Ipi sita? Ipi nusu?
Nikasimama na kijiko
kama mtu aliyeokota ufunguo njiani.

Mlango wa tatu anakaa Nyar Seme.
Hatujasemezana tangu Machi,
alipotundika kibuyu chirizi kando ya choo cha ploti:
mtungi wa lita tano, kamba, kijiti cha kukanyaga,
kipande cha sabuni ndani ya soksi.
Nikacheka mbele ya wapangaji wote,
"Kwani tumerudi chekechea?"
Jioni ile sabuni nikaichukua, nikaoshea pikipiki.

Nikabisha.
Akafungua, leso kifuani, hakuuliza la Machi.
"Sukari ndiyo sita. Vijiko vya chai, vya kusawazisha, si vya kilima.
Chumvi nusu. Ukigeuza, utamuua."
Alisema hivyo hivyo, bila kushusha sauti.
"Kisha onja. Chumvi isizidi ya machozi.
Ikizidi, mwaga, anza upya.
Kijiko, ngoja, kijiko. Akitapika, pumzika dakika kumi, rudia.
Na macho yakizama, au asipokojoa,
usije kwangu. Tafuta boda, mkimbilie hospitali.
Mitishamba ya marehemu mama ina kazi zake.
Hii si mojawapo."

Nikapima. Nikaonja.
Lakini machozi yana chumvi kiasi gani?
Mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na moja,
na yale niliyafuta kwa mkono wenye udongo.
Nikamtazama Odera, ngozi yake, kile kichwa
kilichokuwa kizito ghafla begani.
Sikulazimika kuyatafuta.
Nikaonja shavu, nikaonja kikombe,
shavu, kikombe.
Maji yalikuwa mapole kuliko mimi.

Kijiko. Ngoja. Kijiko.
Adhana ikapita juu ya mabati.
Kijiko.
Saa kumi na moja na dakika ishirini
akanikojolea, paja zima, moto,
nami nikakaa vile vile, nisitikisike,
kama mtu aliyetuliwa na ndege.

Mama yake akaingia na harufu ya mbuta.
"Mmelalaje?"
Nikamwambia kituo cha afya kikifunguliwa tumpeleke, wamwone.
Ila kwanza nikatoka na ndoo,
nikajaza kibuyu chirizi mpaka shingoni,
ile kamba iliyooza nikaitoa, nikaweka waya,
nikaning'iniza sabuni, mche mzima,
nikanawa. Kucha, katikati ya vidole, viwiko pia,
kama mtu anayetazamwa.
Na kweli nilitazamwa.
Nyar Seme alikuwa mlangoni akipiga mswaki.
Akatema povu, akafuta mdomo.
"Na soksi yangu?"