Ufa kwenye Kifuniko

Asubuhi ya tatu ya ukungu hapa Tacuarembó
Reno la marehemu linakohoa, linanyamaza.
Stata inazunguka. Betri ina nguvu zake.
Petroli ipo, naisikia mpaka kwenye mkate.
Heber, mtoto wa dada yangu, hainui macho kwenye simu:
"Mama mkubwa, liuze kwa watu wa vyuma chakavu."
Simjibu. Namkabidhi ufunguo.

Nafungua plagi ya kwanza. Imelowa,
mdomo mweusi kama aliyetafuna mkaa.
Naifuta kwa upindo wa aproni,
naivisha waya wake, nailaza juu ya injini
chuma kwa chuma.
Zungusha!
Kimya.
Zungusha tena!
Cheche moja, ya njano, mnyong'onyo,
kama mtu anayekiri kosa asilolijua.

Basi si petroli. Ni moto.
Na moto una mtaa wake, nyumba hata nyumba,
nami napita nikibisha hodi.
Koili: mita inasema omu tatu, mzima wa afya.
Platini: zimeungua nyuso. Nazisugua kwa msasa,
pengo nalipima kwa kipande cha boksi la kiberiti
kama Olivar alivyokuwa akifanya, ulimi nje.
Kondensa nabadilisha, la akiba
lilikuwa kwenye kopo la biskuti, chini ya vifungo.
Mate yangu imepoa kibuyuni.
Zungusha.
Bado.

Saa sita jua likachomoza
na gari likawaka lenyewe, bila aibu,
likanguruma kama vile hatujaamka nalo alfajiri.
Heber akashangilia. Mimi hapo ndipo nilipolishuku.
Ugonjwa unaomkimbia mganga
una siri na hali ya hewa.

Nikangoja usiku.
Nikachukua chupa ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi,
nikainyunyizia injini kidogo, kama mtu anayebariki.
Kisha nikazima taa ya gereji.
(Kuna vitu vya kuangaliwa gizani tu.)
Zungusha, mwanangu, polepole.
Nikauona:
uzi wa buluu, mwembamba, unatambaa
juu ya kifuniko cha distribyuta,
unatoroka pembeni, unakwenda kufia kwenye chuma
badala ya kwenda ulikotumwa.

Nikakitoa kifuniko, nikakiweka chini ya taa.
Ufa, unene wa unywele.
Na juu ya ufa, masalia ya rangi nyekundu
iliyobanduka kwa uzee.

Ile nyekundu naijua.
Rangi yangu ya kucha, ya harusi ya dada,
chupa iliyopotea mwaka themanini na saba.
Nilimuuliza Olivar. Akasema sijui, akatazama viatu.
Nikazihesabu kucha za wanawake wote wa mtaa,
nikahamisha mto wangu chumba cha cherehani
nikalala huko hadi miplamu ikachanua mara mbili.

Ufa yeye aliuziba.
Ukuta niliujenga mimi.

Hela ya kifuniko kipya aliila kwenye karata.
Sasa naelewa alichokuwa akisema hospitalini,
midomo mikavu, mkono wangu mkononi mwake:
"Kifuniko, Elbia. Sikukinunua."
Nami nikamwita muuguzi, nikidhani ni homa.

Duka la vipuri hufunguliwa Jumatatu.
Usiku huu nakausha kifuniko kwa kitambaa,
naupaka ufa kwa rangi ninayotumia siku hizi,
waridi iliyofifia, ya bibi,
napuliza, nangoja, napaka tena.
Heber anacheka: "Unakipamba?"
Zungusha, namwambia.

Likawaka ukungu ukiwa umesimama mlangoni.
Chupa sikuirudisha bafuni.
Iko kwenye boksi la spana,
kati ya namba kumi na namba kumi na tatu.